Madaftari Matatu, Mtu Mmoja

  

Leo tuzungumze madaftari. Najua si habari ya kumfanya mtu aongeze sauti ya redio. Lakini mchimbaji anayesubiri mgao, mwalimu anayesubiri mshahara na bibi anayesubiri jina lake kwenye orodha ya kaya maskini ya TASAF, wote watatu wako mikononi mwa mtu mmoja: yule anayechukua majibu ya daftari hili na majibu ya daftari lile akayaunganisha. Zamani alikuwa karani na kalamu yake. Siku hizi ni kompyuta, na kila kiongozi akisimama jukwaani utamsikia: mifumo isomane. NIDA isomane na RITA, TRA isomane na BRELA, hospitali isomane na bima. Mamlaka ya Serikali Mtandao imejenga mpaka njia maalumu ya taasisi kupeana taarifa. Naliunga mkono jambo hili, maana nani hajachoka kupeleka nakala zilezile za vyeti kila ofisi? Ila kuna maamuzi yanayofanywa kimyakimya pale mifumo inaposomana, na maamuzi hayo hayafanywi na kompyuta. Nayo ndiyo mazungumzo yangu ya leo.

Tuanzie hapa hapa penye dhahabu. Buhemba imechimbwa tangu enzi za mkoloni, ikapita kwenye mikono ya kampuni ya Meremeta, ikaja kwa STAMICO, shirika la madini la taifa, na siku zote pembeni wapo wachimbaji wadogo na maduara yao, yaani mashimo ya kuchimbia. Mawe yakipanda kutoka duarani, kuna mtu anaandika viroba. Yakifika karashani, mwenye karasha anaandika vyake. Dhahabu ikifika soko la madini, karani anaandika gramu, bei, mrabaha wa asilimia 6 na asilimia 1 ya ukaguzi. Masoko haya yalianza mwaka 2019, na kabla ya hapo daftari hilo la mwisho mara nyingi lilikuwa kichwani mwa dalali.

Sasa chukua mchimbaji mmoja, tumwite Marwa. Katika daftari la duara ana mistari mitatu: Jumatatu viroba 5, Jumatano viroba 8, Jumamosi viroba 7. Jumla 20. Katika daftari la soko ana mistari miwili: mara ya kwanza aliuza gramu 12, mara ya pili gramu 9. Jumla 21. Hesabu ya mtoto wa darasa la tatu. Viroba 20 vimetoa gramu 21.

Anakuja kijana na kompyuta yake. Anaiambia: chukua daftari la duara, chukua daftari la soko, unganisha kwa jina. Kompyuta inatii. Kila mstari wa Marwa wa duarani unashikana na kila mstari wa Marwa wa sokoni. Mitatu mara miwili, inatoka mistari sita. Kijana anajumlisha viroba, anapata 40. Anajumlisha gramu, anapata 63. Angalieni hapo: hakuna aliyeiba, hakuna aliyekosea kuandika, madaftari yote mawili ni ya kweli, na ripoti ni ya uongo. Marwa ametajirika mara tatu kwenye karatasi, na mwenye leseni atamuuliza gramu 42 kazipeleka wapi.

Dawa yake ni nyepesi na kila fundi mzoefu anaijua. Kila daftari lijumlishwe kwanza kivyake, libaki na mstari mmoja kwa kila mtu, ndipo yaunganishwe. Viroba 20 kwa gramu 21, mstari mmoja kwa mstari mmoja. Lakini ripoti zenye kosa hili zipo na zinapita mezani, kwa sababu zimepangwa vizuri, zina jedwali na rangi, na anayezisoma hajawahi kuhesabu kiroba maishani mwake.

Aliyetuletea utaratibu huu wa kuunganisha majedwali alikuwa Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM kule Marekani. Mwaka 1970 alichapisha makala fupi iliyosema taarifa zote ziwekwe kwenye majedwali ya kawaida, kisha mtu aulize anachotaka bila kujua zimehifadhiwa kabati gani. Wenzake katika kampuni hiyohiyo wakatunga lugha ya kuulizia mnamo mwaka 1974, na mpaka leo benki, hospitali na halmashauri zinaitumia. Namna za kuunganisha majibu ni chache. Unaweza kuyarundika: orodha ya kitongoji hiki chini ya orodha ya kitongoji kile, ipatikane orodha ya kijiji. Au unaweza kuyaoanisha ubavu kwa ubavu: huyu wa kulia ndiye yule wa kushoto. Au uulize nani yumo huku na kule hayumo. Mengine yote ni viungo vya mchuzi huohuo.

Kurundika ni rahisi, na hapo hapo ndipo penye mtego wa kwanza. Kompyuta ukiiomba iondoe waliojirudia, itaondoa. Lakini kujirudia kwake ni herufi kwa herufi. Bhoke mwenye H na Boke asiye na H, kwake ni wanawake wawili. Ghati na Gati, wawili. Nyamuhanga na Nyamhanga, wawili. Biseko na Bhiseko, Mugesi na Mgesi, vivyo hivyo. Upande mwingine, watu wawili wanaoitwa Chacha Marwa, wa kitongoji kimoja, waliozaliwa mwaka mmoja, itawafanya mtu mmoja na kumfuta mmojawao. Na msiniambie ni jambo la nadra. Nenda mnadani siku ya mnada, simama katikati, ita "Chacha Marwa!" kwa sauti, uone wangapi watageuka.

Wataalamu wamehangaika na majina kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1918 Mmarekani mmoja, Robert Russell, alipata hataza ya mbinu ya kupanga majina kwa sauti badala ya herufi, ili majina yanayosikika sawa yakae pamoja hata kama yameandikwa tofauti. Mbinu iliyotokana na hiyo, iitwayo Soundex, bado imo ndani ya kanzidata nyingi zinazouzwa duniani, na fundi wetu anaweza kuiita kwa amri moja tu. Nilipenda kujua ingetufaa vipi huku kwetu. Kwa Bhoke na Boke inafanya kazi nzuri, maana H inaipuuza. Kwa Ghati na Gati pia. Ila imetungwa kwa masikio ya Kiingereza, na kwa Kiingereza R na L hazikaribiani hata kidogo. R ina namba yake, 6, na L ina yake, 4. Sasa njoo Kanda ya Ziwa, ambako nusu ya makarani wanaandika Malwa na nusu Marwa, na Ryoba anaweza kutoka ofisini akiwa Lyoba bila yeye mwenyewe kushtuka. Kwa Soundex hao ni watu wanne. Mbinu iliyowaunganisha kina Smith na Smyth wa Marekani inamgawa Marwa wa Butiama vipande viwili.

Mtaniambia: majina ya nini, si tuna namba ya NIDA? Kweli kabisa. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa iliundwa mwaka 2008, vitambulisho vikaanza kutolewa mwaka 2013, na namba yake ya tarakimu 20 ndiyo ufunguo bora tulionao. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kisha zinafuata nyingine. Mnakumbuka foleni za mwishoni mwa 2019, tulipoambiwa laini zote za simu zisajiliwe kwa alama za vidole, muda ukaongezwa mpaka tarehe 20 Januari 2020. Zile foleni zilikuwa hivyo hasa: daftari la kampuni ya simu linatafuta mwenzake katika daftari la NIDA, na kidole chako ndicho kinachoshuhudia.

Shida ni kwamba madaftari ya zamani hayaijui namba hiyo. Cheti cha kidato cha nne cha mwaka 1994 hakina namba ya NIDA. Kadi ya ubatizo haina. Kadi ya kliniki ya mtoto haina. Zaidi ya hapo, sisi wa Buhemba tuna mkasa wetu. Mtu aliyezaliwa hapa mwaka 1985 alizaliwa Musoma Vijijini. Wilaya ya Butiama ilizaliwa mwaka 2012. Kwa hiyo cheti chake cha zamani kinasema wilaya moja na fomu aliyojaza juzi inasema nyingine, naye hajahama hata nyumba. Kompyuta ikipewa amri ya kulinganisha jina, tarehe na wilaya ya kuzaliwa, itamkuta kwa jina, itamkuta kwa tarehe, itamkosa kwa wilaya, na itatangaza hayupo. Wenzetu waliokatwa kutoka Tarime kuwa Rorya mwaka 2007 wana kisa kilekile.

Na wapo wazee wasio na tarehe. Alizaliwa mwaka wa njaa fulani, basi. Sehemu ile ya fomu inaachwa wazi. Hapa lugha ya kanzidata ina tabia moja ambayo wengi hawaijui: pasipo na kitu hapalingani na pasipo na kitu. Ukiuliza kama tarehe isiyojulikana ya daftari la kwanza ni sawa na tarehe isiyojulikana ya daftari la pili, jibu silo ndiyo. Mantiki yake ni sahihi, maana hujui, utasemaje zinalingana? Lakini matokeo yake ni kwamba wazee wasio na tarehe wanaanguka wote kwa pamoja, bila kelele, bila ripoti ya kosa. Makarani wamelijua hilo kwa uzoefu, ndiyo maana utakuta kijiji kizima cha wazee waliozaliwa tarehe mosi Januari au mosi Julai.

Sasa tufike kwenye kisa kikubwa ambacho nchi yetu imekiona cha madaftari kuunganishwa. Machi 2016 Rais Magufuli, akiwaapisha wakuu wa mikoa, aliwapa siku 15 wawatafute watumishi hewa. Kazi yenyewe kwa maelezo ni rahisi: chukua orodha ya mishahara, mtafute kila aliyemo awe na mwili na kiti. Asiyepatikana ni hewa. Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga, Anne Kilango Malecela, aliripoti kwamba mkoani kwake hakuna hata mmoja. Serikali ikatuma watu kuhakiki upya, wakapatikana 45, na tarehe 11 Aprili 2016 akaondolewa. Sitaki kumsema mama huyo, wengi wangeweza kuletewa ripoti ileile na wasaidizi wao. Ninachotaka mkione ni lile jibu tupu. Daftari likirudisha sifuri, sifuri hiyo ina maana mbili: huenda hawapo, na huenda swali halikuwagusa. Kwenye karatasi zinafanana kabisa. Fundi mwangalifu akipata sifuri huweka mtu mmoja wa majaribio anayejua fika kwamba ni hewa, auone mtego unanasa au haunasi, ndipo aiamini.

Mwaka uliofuata likaja la vyeti. Orodha ya watumishi wa umma, laki nne na ushei, iliwekwa ubavuni mwa kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Tarehe 28 Aprili 2017 kule Dodoma, Waziri Angela Kairuki alimkabidhi Rais taarifa: watumishi 9,932 wana vyeti vya kughushi. Kulikuwa na kundi jingine ambalo mimi naliona ni la kuvutia zaidi: vyeti 1,538 vilivyokuwa vikitumiwa na watu 3,076. Kuwapata hao hakukuhitaji hata daftari la pili. Unachukua orodha moja, unauliza namba ipi ya mtahiniwa inatokea zaidi ya mara moja.

Hao wa cheti kimoja watu wawili, wengi wetu tunajua walitokea wapi. Miaka ile mtoto aliyeanguka darasa la saba hakuruhusiwa kurudia. Mzazi akamtafutia jina, la binamu aliyeacha shule au la jirani aliyeolewa, akaingizwa darasa la sita kwa jina hilo, akafaulu, akaenda sekondari, akawa muuguzi. Jina la nyumbani likabaki la nyumbani. Baadaye mwenye jina naye akakumbuka shule. Siwatetei, sheria ni sheria, na aliyenunua cheti uchochoroni hana mtetezi hapa. Ila orodha ile ya 9,932 iliweka kapu moja mwenye cheti cha uchochoroni na mtu ambaye jina lake kwenye mshahara lina herufi moja zaidi ya jina lake kwenye cheti. Ndiyo maana ikafunguliwa milango ya rufaa, na baadhi yao wakarejeshwa kazini. Na wale watumishi wa elimu ya darasa la saba waliotolewa kazini kwa kukosa cheti cha kidato cha nne, mwaka 2018 ikabidi warudishwe wale walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, siku ambayo sharti hilo lilianza. Swali la kwanza halikuwa limeiangalia tarehe. Mstari mmoja wa sharti ukisahauliwa, watu wanakaa nyumbani mwaka mzima bila mshahara.

Hapa nifike kwenye lile ninalotaka hasa kulisema. Ukioanisha madaftari mawili, lazima moja liongoze. Likiongoza la mishahara, utawaona wanaolipwa na hawaonekani kazini. Likiongoza daftari la mahudhurio la shule, utawaona wanaoonekana kazini kila siku na hawalipwi, kama walimu wapya ambao miezi inapita jina halijaingia. Madaftari ni yaleyale, kompyuta ni ileile, gharama ya umeme ni ileile. Aliyeamua lipi liongoze ndiye aliyeamua tutamuona mwizi au tutamuona mdai. Mwaka 2016 nchi iliuliza swali la kwanza kwa kipaza sauti. La pili liliulizwa kwa sauti ya chini, na walimu wanaodai malimbikizo wanalijua hilo kuliko mimi. Ipo namna ya tatu, kuweka yote mawili mbele na kutoa mabaki ya pande zote, na ajabu ni kwamba ni amri moja tu ya ziada.

Kinachotumika zaidi, kwa bahati mbaya, ni kile cha kuwachukua waliopatana pande zote mbili na kuwaacha wengine. Jibu lake linatoka safi, halina nafasi tupu, linapendeza kulisoma. Asiyepatana hatajwi popote. Hajakataliwa, hajaandikiwa barua. Hayumo tu.

Wenzetu wa Kenya, kaunti ya Garissa, wamepata ubaya wa upande wa pili, wa kupatana pasipostahili. Wakati wa ukame, Wakenya wengi maskini wa kule walijiandikisha kambini Dadaab kama wakimbizi, wapate chakula na watoto wapate matibabu. Vidole vikachukuliwa. Mtoto akakua, akafika miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho cha Kenya. Kidole kikalinganishwa na daftari la wakimbizi, kikapatana. Akaambiwa wewe ni mkimbizi. Maelfu wamekaa hivyo kwa miaka, katika nchi waliyozaliwa, bila kitambulisho, bila laini ya simu, bila kazi. Kompyuta ilisema kweli: kidole ni kilekile. Alichoongeza mtu ni ile hatua ya kusema kwamba aliyemo katika daftari lile hawezi kuwa wa daftari hili.

Na Australia, nchi ya mitambo na wataalamu, ilifanya kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 2016 waliunganisha daftari la kodi na daftari la watu wanaopewa msaada na serikali. La kodi linahesabu mapato ya mwaka. La msaada linahesabu wiki mbili mbili. Wakachukua ya mwaka, wakagawa kwa 26, wakasema haya ndiyo uliyopata kila wiki mbili, kwa hiyo ulitudanganya, rudisha hela. Mtu aliyefanya kazi miezi sita na kukaa bila kazi miezi sita akaonekana alikuwa na kipato mwaka mzima. Mamia ya maelfu walidaiwa madeni yasiyokuwepo. Serikali ikalazimika kurudisha zaidi ya dola milioni 700 za huko, na tume ya uchunguzi ilitoa ripoti kali mwezi Julai 2023.

Msione Australia ni mbali. Mchimbaji wa Buhemba anaweza kukaa duarani miezi minane akila kwa mkopo wa mama ntilie, mwezi wa tisa duara likatema, akalipa madeni, akapaua nyumba, akarudi kula kwa mkopo. Siku daftari la soko la madini litakaposomana na daftari la kaya maskini, na siku hiyo inakuja, mtu fulani Dodoma ataamua gramu za mwezi mmoja zigawanywe kwa 12 au zisigawanywe. Uamuzi huo ningependa ufanywe na mtu aliyewahi kuona duara lisilotema. Na kabla ya hapo aulizwe jambo jingine: dhahabu iliandikwa kwa jina la mwenye leseni, au la waliogawana viroba? Maana jina moja sokoni linaweza kuwa watu 30 shimoni.

Tunayo sheria sasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Inakupa haki ya kuomba taarifa zako zirekebishwe, na inagusa hata maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake bila mtu. Ni sheria nzuri kwa maandishi. Kwa mtu wa kitongojini, ina faida akijua la kuuliza pale dirishani. Ukiambiwa "mfumo umekukataa", usiondoke. Mfumo haukatai. Muulize karani kwa heshima: daftari lipi limenikosa? Limenitafuta kwa kitu gani, kwa namba, kwa jina au kwa tarehe? Akikwambia ni jina, omba uone lilivyoandikwa kule, herufi kwa herufi, uliandike kwenye karatasi yako. Ukijua kwamba ni H ya Bhoke, safari inakuwa moja tu, ofisi ya NIDA ya wilaya au RITA, na kama ni jina zima, kwa wakili ukaape. Usipojua, utazungushwa ofisi nne na kila moja itakwambia kwake uko sawa. Na kwake uko sawa kweli.

Kwa wakubwa wa halmashauri zetu, kama mmefungulia redio, ombi langu ni dogo. Kila mnapounganisha orodha, yale mabaki, wale waliokosa mwenzi, yachapwe kama orodha ya pekee na yapelekwe kijijini kabla hamjafunga kazi. Yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji: jina na kitongoji tu, bila namba ya simu na bila namba ya NIDA, maana sheria niliyoitaja inalinda na hayo. Mwenyekiti wa kitongoji na wazee watatu waliokaa naye mezani watawaambia huyu ni marehemu, huyu amehamia Nyamongo, huyu Boke ndiye yule Bhoke wa mzee fulani, na huyu hatujawahi kumsikia, mtafuteni aliyemwandika.